Kobe Anayeangalia Nyuma

Mama Neema alifariki siku ya Jumanne asubuhi, hapa mjini Baraka, na Jumatano kabla jua halijawa kali akina mama wa kanisa walituma mtu kuniita. Aliyetumwa hakusema mengi. Alisema wanamwosha na kumvika marehemu, na kwamba nije na makasi. Nilijua makasi ni ya nini. Nilipoingia katika kile chumba walikuwa watatu, wamekunja mikono ya nguo, beseni liko chini, maji yanatoa mvuke kidogo. Marehemu alikuwa amefunikwa shuka. Blauzi yake ya Jumapili, ile ya buluu, ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ukutani, na juu ya kifua upande wa kushoto alikuwepo kobe wangu, wa kitenge cha njano chenye miviringo myeusi, kichwa amekigeuza anaangalia mgongo wake mwenyewe. Mama Bitondo, ambaye ndiye mkubwa wao, aliniuliza, "Feza, hii kobe yako tunafanya nayo namna gani? Tunamuzika nayo, ao unaitoa?" Niliomba kiti. Wakafikiri ni majonzi, wakaniachia nafasi nikae karibu na dirisha, nao wakaendelea na kazi yao huku wakiongea polepole, kama watu wanavyoongea mahali ambapo kuna mtu amelala.

Hayo majonzi yalikuwepo, lakini kilichonifanya nikae ni kitu kingine, cha mwaka ule niliokuwa na miaka kumi na saba, mwaka nilioanza kukaa kwa Mama Wabiwa. Jinsi nilivyofika kwake si habari ndefu: shule ilikuwa imenishinda, yeye alihitaji mikono, nikapelekwa. Alikuwa na chumba kimoja cha matofali mabichi nyuma ya soko, na dirisha lake lilitazama upande wa ziwa. Mashini ya kushona ilikuwa chini ya dirisha hilo, kwa sababu alisema mwanga wa maji ni mzuri kuliko wa barabarani. Kitanda chake kilikuwa nyuma ya pazia. Kati ya pazia na mashini kulikuwa na meza, pasi ya makaa, na kapu kubwa la vipande vya vitenge ambavyo mafundi wengine walikuwa wanavitupa naye anaviokota. Mchana tulikula bugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwa, siku nzuri tulikula sombe, majani ya muhogo yenye mawese, na alikuwa mkali sana juu ya kunawa mikono, maana tone moja la mawese kwenye kitambaa cheupe lilikuwa kosa la wiki nzima. Mimi nilikula haraka ili nirudi kwenye kapu. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitambaa kipya kilichopigwa pasi ya makaa, nasikia njaa.

Kazi yake ilikuwa moja ambayo sijaona mtu mwingine akiifanya kwa namna ile. Akina mama walimletea nguo za mtumba za watoto wao, nguo nzima, zisizo na tundu wala mchaniko, naye alizitia viraka vya urembo. Alikata pilipili, mwezi, pasi, ndoo, jani la muhogo, chochote, kutoka kwenye vile vipande, akavishona juu ya kifua au mgongoni. Jirani yetu mmoja, mama aliyeuza ndagala, hakuchoka kumtania. "Mama Wabiwa, nguo iko nzima, unaitia kiraka, kwani inaumwa?" Naye hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Haiumwi. Naipatia jina." Na kweli watoto waliitwa kwa viraka vyao. Ungesikia mtu akiita sokoni, "Pilipili! Wewe Pilipili, mama yako anakutafuta!" na mtoto wa pilipili akatokea mbio kutoka chini ya meza za watu.

Alikuwa na sharti moja: picha moja, mtoto mmoja. Alinieleza siku ya kwanza, mara moja tu. Wakati alipokuwa katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, nguo za msaada zilikuja zote za aina moja, watoto wote wakavaa magauni ya buluu, na siku moja kwenye mstari wa unga binti yake alimponyoka. Alizunguka nusu siku akiwashika watoto wa watu mabega na kuwageuza aone nyuso zao. "Nilikuwa nageuza, nageuza, si yeye. Nageuza tena, si yeye. Batoto ya bantu banalia." Alimpata. Usiku ule ule alikata kipande cha kitenge chake mwenyewe na kukishona kwenye mgongo wa gauni la mtoto. Kwa hiyo, alisema, kiraka cha mtoto ni macho ya mama yake, na ukishona kinachofanana kwa mtoto mwingine umeyatia mchanga macho hayo. Kila picha aliichora kwanza kwenye karatasi ngumu ya katoni ya sabuni, akaikata, akaiweka juu ya kitambaa na kuzungusha chaki. Kiraka kikishashonwa, alifungua mfuniko wa pasi ya makaa na kuitia ile karatasi ndani. Iliwaka mara moja, moshi kidogo, imekwisha. Wateja walilijua jambo hilo. Wengine walingoja pale pale waione ikiungua ndipo wabebe nguo zao.

Kwa miezi mingi mimi nilikata tu vile alivyochora yeye. Nilijifunza kuacha upana wa kucha pembeni, kukunja ukingo kwa pasi, kushikiza kwa uzi mrefu kabla ya kushona kwa uzi mfupi. Halafu siku moja Mama Neema alikuja na gauni jeupe la binti yake. Wakati huo alikuwa mwanamke kijana, mcheshi, analima karanga upande wa barabara ya Fizi, na mtoto wake alikuwa huyo mmoja, Neema, wa miaka minne. Mama Wabiwa aliniambia, "Hii fanya weye." Nilitafuta kwenye kapu mpaka nikapata kipande cha njano chenye mviringo mweusi uliogawanyika ndani kama gamba, na nikaona kobe. Lakini kipande kilikuwa kidogo. Gamba lilienea, miguu ilienea, kichwa kikakosa nafasi. Nilikaa nacho asubuhi nzima. Mwisho nilikigeuza kichwa, nikakilaza juu ya gamba, kobe akawa anaangalia alikotoka. Mama Wabiwa alikichukua, akakisogeza kwenye dirisha, akacheka mpaka akashika kiuno. "Huyu amesahau nini nyumbani?" Kisha akasema, bila kucheka tena, "Iko nzuri." Alikuwa hajawahi kuniambia hivyo.

Aliniambia niichome karatasi, akatoka nje kumwaga maji. Nilifungua pasi. Makaa yalikuwa mekundu. Niliishika ile karatasi juu ya joto mpaka vidole vikauma, halafu nikachana pembe ya katoni nyingine na kuitia hiyo. Aliporudi aliona moshi, akaridhika. Kobe wangu nilimweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Sikuwa na nia mbaya. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho nilikitoa kichwani mwangu mwenyewe na mtu mzima akasema kizuri, na sikuweza kukiona kinaungua.

Neema alilipenda lile gauni kupita kiasi. Mama yake alikuja kulalamika, lakini alikuwa anacheka. "Anamulisha! Kila siku anamupakaa bugali kwa mudomo, ule kobe yake. Mimi nafua, nafua, kesho tena ameshiba." Mtoto mwenyewe alisimama mlangoni na tumbo limetangulia mbele ili tumwone kobe vizuri. Nilimuuliza, "Kobe yako anaitwa nani?" Akaniambia, "Anaitwa mimi."

Mwezi mmoja baadaye Mama Wabiwa alishikwa na homa, akalazwa siku tano, nami nikabaki na chumba peke yangu. Siku ya tatu alipita mama mmoja wa Nundu ambaye alikuwa amekuja Baraka kumsalimia dada yake. Alikuwa amemwona Neema njiani. Alisimama mlangoni na gauni la pinki mkononi. "Nataka kobe. Ile ile." Nilimwambia hapana, kwetu picha hairudiwi, ninaweza kumfanyia sungura. Hakukasirika. Aliniangalia tu, akauliza, "Ni weye uliichora?" Nikasema ndiyo. "Weye mwenyewe? Na hii umri? Mutoto wangu, uko na mukono! Kule kwetu Nundu hakuna mutu anaweza hii." Aliketi. Alinieleza habari za binti yake Solange, aliniita fundi, aliniita mama. Mimi nilikuwa nayasikiliza hayo kama mtu aliyepewa kinywaji kitamu. Nikajiambia kwamba Nundu ni mbali, kwamba watoto hawa hawatakutana, kwamba tangu hapo nilikuwa nimeokota kipande kingine cha njano kama kile na kilikuwa kinaharibika bure. Nikafungua kitabu cha nyimbo. Nimejaribu miaka mingi kutafuta sababu nyingine ya kile nilichofanya, iliyo na heshima kidogo, na sijaipata. Nilisifiwa, nikashona.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, maongezi ya nje ya dirisha letu yalibadilika. Akina mama wa ndagala walikuwa wanaongea juu ya bei na wakwe, sasa wakaongea kwa sauti ya chini juu ya kule juu, nani ameshuka kutoka milimani na magodoro, kijiji gani kimebaki bila watu. Mama Wabiwa aliagiza nisisikilize, lakini yeye mwenyewe alisimamisha mguu kwenye mashini ili asikie. Mama Neema alikuwa bado anakwenda shambani, karanga zilikuwa tayari na hakutaka zioze. Siku hiyo alikwenda na mtoto. Risasi zilianza kusikika upande wa juu, watu wote wa mashamba wakakimbia kushuka, wakafika kwenye kijito wote kwa pamoja. Alikuwa amemshika Neema mkono. Baadaye alilieleza jambo hilo kila mara kwa maneno yale yale, hakuongeza wala kupunguza. "Mukono yake ilikuwa na maji. Nilikuwa nayo, halafu sikuwa nayo."

Walimtafuta chini ya kijito, walimtafuta vichakani, waliuliza makanisani na kwa watu waliokimbilia Fizi. Hakuonekana, mzima wala maiti. Wiki tatu zilipita. Watu hawakujua wamwite nani, wengine walikuwa wanaanza kusema "Mama Ne..." wakaishia hapo, mpaka yeye mwenyewe siku moja akasema sokoni kwa sauti kubwa, "Mimi ni Mama Neema. Muniite." Ndipo dereva wa lori lililobeba muhogo alipoleta habari. Alikuwa Nundu, ameona mtoto wa kike wa miaka minne au mitano, ana kobe wa njano kifuani, kichwa kimegeuka nyuma. Alisema mwenyewe, "Nilimujua kwa ile kobe. Nani hajui ile kobe?"

Mama Neema alikuja mbio chumbani kwetu, hana viatu. Alimshika Mama Wabiwa mikono yote miwili, akaanza kuruka naye kama mtoto. Mama Wabiwa alilia. Alinigeukia, akaniambia, "Feza, muende pamoja. Weye njo ulishona, utajua mukono yako." Hapo nilipaswa kusema. Kulikuwa na watu watatu tu katika chumba, mlango umefungwa, na maneno yenyewe hayakuwa mengi: wako wawili. Nikachukua kitenge changu cha kujifunika, nikatoka naye.

Tulipanda lori la dereva yule, juu ya magunia. Alikuwa amebeba kikapu chenye viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa kwa jani la ndizi, na sweta ya mtoto. Aliongea njia nzima. Alisema atakuwa amekonda. Alisema ameomba Mungu awabariki watu waliompa chakula, atawapelekea karanga. Baada ya daraja aliniuliza, "Atanikumbuka? Wiki tatu ni nyingi kwa mutoto." Nikamwambia, "Atakukumbuka, mama." Akanipa kiazi kimoja. Nilikila. Nilikuwa najiambia kwamba huenda dereva alimwona Neema kweli. Gauni lake lilikuwa jeupe na la Solange la pinki, na dereva hakutaja rangi. Ningeweza kumuuliza dereva, alikuwa chini yetu hapo mbele, na lori lilisimama mara mbili. Sikuuliza. Nilimwacha mwanamke yule afike Nundu na furaha yake yote, kwa sababu kila nilipofungua mdomo niliona uso wake ukigeukia kwangu.

Nundu dereva alituonyesha ua, na mtoto alikuwa amechuchumaa humo anaosha sahani, ametugeuzia mgongo. Lile gauni lilikuwa limefifia kwa kufuliwa hata rangi yake ungeweza kubisha. Mama Neema aliita, "Neema!" Mtoto hakugeuka. Aliita tena, mtoto akageuka, na kobe akaonekana kifuani. Mama Neema alimtazama uso, halafu akamtazama kobe, halafu uso tena. Nafikiri kwa nusu dakika alijaribu kuufanya ule uso uwe wa mtoto wake. Kisha akaenda akalishika gauni kwa kifua. "Hii nguo mulitoa wapi? Mutoto wangu iko wapi? Mulimuvua hii nguo, mukamutupa wapi?" Mtoto alipiga kelele. Mama yake akatoka ndani, na ua ukajaa watu mara moja. Katika siku zile jambo kama hilo halikuhitaji ushahidi. Nilisikia mwanamume mmoja anataka askari, anasema, "Muite basoda," na mwingine, "Ngoja kwanza, tumufunge." Mama wa Solange alikuwa ameshikwa mkono na watu wawili, anaapa, ndipo akaniona mimi nimesimama kwenye ukingo wa ua. "Huyu hapa! Huyu binti anajua hii nguo! Sema, mutoto wangu! Sema mbele yao!"

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Ni kweli. Nguo ni ya mtoto wake. Ilishonwa kwetu." Mama Neema akaniuliza, taratibu kabisa, "Nani alishona kobe ya pili?" Nikasema, "Ni Mama Wabiwa."

Mama wa Solange alijua kwamba nimesema uongo. Tuliangaliana. Lakini wale watu walikuwa wameuachia mkono wake, na akainamisha macho akaanza kuusugua pale waliposhika. Mama Neema aliketi chini, kwenye maji ya sahani. Alikaa hivyo kwa muda, watu wakaanza kutawanyika kwa aibu. Halafu alivuta kikapu, akafungua jani la ndizi, akamwita Solange aliyekuwa bado analia nyuma ya mama yake. "Kuja. Kuja ukule, si kosa yako." Mtoto akaja, akala kiazi akiwa amesimama.

Tuliporudi Baraka alikwenda moja kwa moja kwa Mama Wabiwa, mimi nikiwa nyuma yake. Hakuingia. Alisimama mlangoni. "Mama Wabiwa. Ulishona mbili?" Mama Wabiwa alikuwa ameinuka kitini, anatafuta mtoto nyuma yetu kwa macho. Alipomkosa, aliniangalia mimi. Mimi niliangalia pedali ya mashini. Najua ilikuwa na nyufa mbili na kipande cha waya. Kisha nikamsikia anasema, "Nilikosa, mama. Unisamehe." Mama Neema akamwambia, "Nilimupoteza kule kwa kijito. Leo umeniuwia yeye mara ya pili." Akaenda zake.

Baada ya hapo wateja hawakuja. Walikuwa wakipita mbele ya dirisha na nguo za watoto wao kwenda kwa mafundi wengine, kushonewa mifuko na vifungo. Siku moja Mama Wabiwa aliweka pasi mezani, akaufungua mfuniko, makaa mekundu, akaisogeza mbele yangu. "Leta ile karatasi." Nikamwambia iliungua siku nyingi. Hakubisha. Alifunga mfuniko, akapiga pasi shuka ambalo halikuwa na haja ya kupigwa pasi. Tuliendelea kula sahani moja, bugali na ndagala, yeye akinisogezea samaki upande wangu kama zamani, na huo ndio ulikuwa mzigo wangu mkubwa kuliko kama angenipiga. Kwa nini alilibeba kosa langu, sijui. Sikumuuliza. Alikufa miaka miwili baadaye, na kwenye kilio chake nilipika, nilichota maji, nilikunja mikeka, na sikusema neno.

Lakini kabla mwaka ule haujaisha, Mama Neema alikuja tena. Alingoja mpaka Mama Wabiwa ametoka kwenda kanisani, akaingia na blauzi yake mwenyewe. "Feza, unaweza kufanya ile kobe? Hapa, kwa kifua." Nilifikiri akili yake imepata shida. Akaiona sura yangu. "Uso yangu atasahau. Alikuwa mudogo. Lakini ile kobe hawezi kusahau, alikuwa anamulisha. Nitavaa mi mwenyewe. Kama iko, ataona, atajua huyu ni mama." Kisha akaongeza, "Fanya weye. Sitaki yule muzee aiguse. Weye uko na roho safi." Nikafungua kitabu cha nyimbo nikaitoa ile karatasi niliyosema imeungua, nikamshonea. Blauzi ile ilipochakaa nilimshonea kwenye nyingine, na nyingine, kila baada ya mwaka au miwili, zaidi ya miaka ishirini. Kitenge cha njano kilipokwisha nilitafuta kinachofanana. Alivaa kobe sokoni, kanisani, shambani, na kila mara watu waliposhuka kutoka milimani alikwenda kusimama kando ya barabara na kifua mbele, kama Neema alivyosimama mlangoni kwetu. Kila alipoleta blauzi mpya alimtaja Mama Wabiwa kwa uchungu, nami nilikuwa na pini mdomoni. Pini mdomoni ni kitu kizuri kwa mtu asiyetaka kujibu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo pale kwenye kiti karibu na dirisha. Walikuwa wamekwisha kumwosha. Mmoja wa wale wanawake, ambaye bado ni kijana, aliuliza kobe alitoka wapi, na Mama Bitondo akaanza kumweleza. "Zamani kulikuwa fundi mumoja hapa, Mama Wabiwa. Alikuwa anaapa hashone picha mara mbili, kumbe anashona. Yeye njo alimuletea huyu mama ile taabu ya Nundu."

Nikasema, "Si Mama Wabiwa. Ni mimi."

Mama Bitondo alikuwa na kitambaa mkononi. "Ni weye nini?"

"Ni mimi nilishona ya pili, yeye akiwa amelazwa. Na kule Nundu nilisema ni yeye. Yeye alinyamaza, akabeba. Mama Neema amekufa bila kujua."

Yule kijana aliangalia chini. Mama Bitondo alikamua kitambaa juu ya beseni, polepole, mpaka tone la mwisho. Binti yake mwenyewe alikuwa mmoja wa wateja walioacha kuja. Mwisho akaniambia, na sauti yake haikuwa ya upole, "Toa ile kobe, tumuvalishe. Bantu banangoja inje."

Nikaichukua blauzi kutoka kwenye msumari. Nilikata uzi mmoja mmoja kwa ncha ya makasi, kama nilivyofundishwa, nisije nikachana kitambaa. Kobe alipotoka, chini yake palikuwa pazima, na pale rangi ilikuwa bado mpya kabisa. Blauzi yote ilikuwa imefifia kwa jua la miaka miwili, lakini pale kifuani alibaki kobe wa buluu iliyokolea, na miguu yake minne, na kichwa kimegeuka. Tulimvika hivyo. Mama Bitondo alipitisha kiganja juu ya ile alama kama anayetaka kuifuta, kisha akaiacha.

Tulimzika mchana. Niliporudi nyumbani niliwasha makaa, nikatia katika pasi, nikafungua kitabu cha nyimbo. Ile karatasi ilikuwa imekuwa laini kama kitambaa, chaki imeingia ndani yake ya rangi zote. Niliitia. Haikutoa hata moshi wa kutosha. Wengine walichakaa pamoja na nguo zao, na sasa kobe ni mmoja tu, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, na huyo mmoja nimemshona kwenye blauzi yangu, upande wa kushoto.

Jumamosi nilikwenda sokoni naye. Watu wengi walimtambua, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kusikia. Mmoja aliyenisalimia kila wiki aligeuza uso. Mwanamke anayeniuzia ndagala ni mgeni, ameshuka kutoka upande wa Bibokoboko, kule milimani, mwaka huu, na umri wake ni kama wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa ananifungia samaki kwenye jani, akasimamisha mikono. "Mama, hii kobe ni ya nani?"

"Ni ya Neema," nikasema, nikasogea karibu ili amwone vizuri, na nikamtazama usoni, nikingoja.